Jibu kwa kaka na wifi kuhusu ufadhili wa mbio Marekani

Shikamoo kaka, na wewe wifi, habari za siku nyingi.

Mmeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Washington State, kilicho hapa Pullman ninapoishi, kimefuta sehemu ya timu yake ya riadha. La pili, kama mwanetu, ambaye kocha wa chuo kingine kidogo cha huku amemwandikia barua ya kumpa ufadhili wa kusoma na kukimbia, anaweza kufika akakuta timu imefungwa. La kwanza ni kweli. La pili linawezekana, na nitawaeleza bila kuficha, maana nimechoka kusikia ndugu wakiambiana kwamba ukishaingia chuo cha Marekani basi mambo yako yamenyooka.

Eleweni kwanza kwamba riadha ya vyuo vya huku haijilipii. Hakuna umati unaokata tiketi kutazama mita 10,000. Kinacholeta fedha ni futiboli yao, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka, na kwa kiasi fulani mpira wa kikapu. Humo ndimo hutoka nauli, viatu, mishahara ya makocha na ada za wakimbiaji. Zisipotosha, chuo hujazia kutoka katika bajeti yake au katika tozo wanayolipa wanafunzi wote, hata yule asiyejua uwanja uko upande gani. Fedha nyingi za futiboli nazo hutoka kwa makampuni ya televisheni, ambayo kwa kawaida huingia mkataba na muungano wa vyuo vinavyocheza ligi moja. Kwa hiyo chuo kikiachwa nje ya muungano mkubwa, anayeumia kwanza si mchezaji wa futiboli.

Washington State kilikuwa katika muungano wa pwani ya Pasifiki uitwao Pac-12, ambao asili yake ni mwaka 1915. Juni 2022 vyuo viwili vikubwa vya Los Angeles, USC na UCLA, vilitangaza kuhamia Big Ten, muungano wenye mizizi katika majimbo ya kati, ambao Agosti mwaka huohuo ulitangaza mikataba ya televisheni yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba. Mwaka uliofuata Colorado kikaondoka, na tarehe 4 Agosti 2023, kwa siku moja tu, vikaaga vyuo vitano: Oregon na Washington (kile cha Seattle, si hiki cha Pullman) vikaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah vikaenda Big 12, muungano mwingine mkubwa. Stanford na Berkeley, vyote vya California, vikakimbilia muungano wa pwani ya Atlantiki, vikikubali kwa miaka kadhaa mgawo mdogo kuliko wenzao, ilimradi visibaki nje. Wakabaki wawili, Washington State na Oregon State. Fikirini Simba, Yanga na Azam wamehamia ligi ya Afrika Kusini kufuata fedha za televisheni, Coastal Union wakaachiwa jina la ligi na kombe lisilo na wa kushindania. Wawili hao walikwenda mahakamani wakapata udhibiti wa muungano na mali yake, lakini hukumu ya mahakama haileti wapinzani uwanjani.

Pullman ni mji mdogo katikati ya vilima vya ngano. Uwanja wake wa futiboli unachukua watu wapatao 33,000, karibu sawa na wakazi wote wa mji. Mnajua nafanya kazi ya usafi hotelini. Ilipokuja timu kama USC au Oregon, vyumba vilikuwa vimeshikwa miezi mingi kabla, mgeni hakukubaliwa kulala chini ya usiku mbili, na sisi tulipangiwa zamu za ziada mpaka Jumapili jioni, tukitoa mashuka yenye rangi za uso za mashabiki ambazo hazitoki hata ukiloweka. Siku hizi wapo wapinzani wanaokuja na mashabiki wachache mno, na Ijumaa ya mechi unakuta milango ya ghorofa nzima haijaguswa. Zamu zikipungua, na mimi natuma pungufu. Mlipoona mwaka jana fedha ya ada imechelewa, sababu mojawapo ilikuwa hiyo. Sikuieleza kwa sababu ningeanzaje kuwaambia kwamba karo ya shule ya Mbulu imekwamishwa na televisheni ya Los Angeles?

Wachezaji nao hawakungoja. Sheria za kuhama zimelegezwa, na chuo kidogo kimekuwa mahali pa kulea vipaji kwa ajili ya wakubwa. Cameron Ward, aliyeongoza mashambulizi ya timu ya hapa, alikwenda Miami, na mwaka 2025 alichaguliwa wa kwanza kabisa kuingia ligi ya kulipwa. Aliyemrithi, John Mateer, akaenda Oklahoma, na kocha mkuu naye akaondoka.

Kisha Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mwezi huohuo Washington State kilitangaza kuondoa michezo ya kutupa na kuruka katika riadha na kupunguza nafasi za mbio fupi na za viunzi, ili mkazo ubaki kwenye mbio ndefu. Sitasema yote yaliletwa na kuhama kwa wenzao, kwa sababu idara ya michezo ilikuwa na nakisi tangu zamani. Ila fedha za muungano ndizo zilizokuwa zikitegemewa kuipunguza.

Lililoniuma ni hili. Chuo hiki ndicho cha Henry Rono, Mkenya aliyevunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa mwanafunzi hapa. Ya kwanza, ya mita 5,000, aliivunja Berkeley. Ya pili, ya kuruka viunzi na maji, Seattle. Miji yote miwili ilikuwa na vyuo vya muungano uleule, wapinzani wa kila msimu. Rono alifariki Februari 2024, na ilipofika Agosti mwaka huohuo Berkeley kilikuwa kikihesabiwa chuo cha Atlantiki, na timu za Los Angeles zikisafiri karibu kilomita 4,000 kwenda kucheza New Jersey. Futiboli inaweza kuvumilia safari hizo, kwa sababu mechi ni moja kwa wiki na ndege ni ya kukodi. Binti wa voliboli anavuka saa tatu za tofauti ya majira, kisha asubuhi ana mtihani.

Msidhani balaa imeishia Pwani ya Pasifiki. Ili kujijenga upya kuanzia Julai 2026, Pac-12 imechukua vyuo vitano vya muungano wa Mountain West, vikiwamo Boise State na Fresno State. Mountain West, ili kuziba pengo, ikachukua Chuo cha Texas kilichopo El Paso, alikosoma Suleiman Nyambui wetu, mshindi wa medali ya fedha ya mita 5,000 kule Moscow mwaka 1980. Muungano ulioachwa na chuo hicho cha El Paso nao umekuwa ukipandisha vyuo kutoka daraja la chini, na ada ya kupanda ambayo zamani ilikuwa dola 5,000 sasa ni milioni 5. Chuo kinacholipa ada hiyo kinatafuta mahali pa kuifidia, na macho huangukia timu zisizoleta mapato.

Sasa barua ya mwanetu. Msiisome kana kwamba neno ufadhili lina maana ya kila kitu. Kocha wa riadha amezoea kugawa fungu dogo kwa vijana wengi: kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa nafasi 12.6 tu za ufadhili kamili, zikagawanywa vipande. Ulizeni kwa maandishi: unalipia asilimia ngapi ya ada, chakula na malazi, unadumu mwaka mmoja au hadi ahitimu, timu ikifungwa, chuo kitaendelea kulipa, na je, chuo kina mpango wa kuhama muungano. Wala msihesabu kwamba atajazia kwa kibarua. Visa ya mwanafunzi inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na hayo malipo mapya wanayopokea wenzake Wamarekani, mgeni mwenye visa hiyo hawezi kuyapokea kirahisi bila kuhatarisha ruhusa yake ya kuishi huku.

Nipigieni picha kurasa zote za barua, hata zile za maandishi madogo, mnitumie kabla hajatia saini. Jumatatu sina zamu, nitakaa nizisome.