Wino unatambaa kwenye manila, nitumie karatasi gani?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mimi nachora katuni kwa kalamu ya nibu (ile ncha ya chuma) na wino mweusi, siku zote natumia manila za steshenari ila kila nikipiga mstari mwembamba wino unatambaa pembeni unaota vinywele, halafu nikifuta penseli karatasi inachubuka. Jamaa yangu kaniambia nitafute Bristol. Ndo karatasi gani hiyo, inaizidi nini manila? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu, jamaa yako kakushauri vizuri kabisa. Manila nyingi ni nene lakini ndani ni legelege, wino ukigusa unanyonywa kufuata nyuzi za karatasi, hivyo vinywele unavyoviona ndo njia za hizo nyuzi. Bristol yenyewe inatengenezwa kwa kubandika karatasi mbili, tatu au zaidi pamoja kama plaiwudi kisha zinashindiliwa, kwahiyo inakuwa ngumu, inavumilia raba, na pande zote mbili unachora. Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba, Bristol ya karatasi mbili inafika kama 270.

Sasa hapa ndo watu wanapigwa: zipo za aina mbili. Pakiti ikiandikwa "smooth" au "plate" hiyo imepigwa pasi mpaka inateleza, nibu haikwami na mstari unatoka mkali, chukua hiyo. Iliyoandikwa "vellum" ina mparuzo kidogo, ni nzuri mno kwa penseli na mkaa maana grafiti, ule weusi wa penseli, inapata pa kushika, ila kwa nibu nyembamba itakusumbua. Wino kwenye ile ya "smooth" unachelewa kukauka, weka karatasi safi chini ya kiganja chako na usifute penseli mpaka ukauke kabisa. Rangi za maji nyingi usimwage, itajikunja.

Ukiikosa nenda wanapouza karatasi za printing ulizia kadi nyeupe isiyong'aa, gramu 250 kwenda juu. Ile inayong'aa ya bizinesi kadi achana nayo, wino wa nibu unakaa juujuu tu na ukikauka unakwanguka.

Usinunue pakiti nzima kwanza, omba shiti moja, piga mistari pembeni, iache ikauke, pitisha raba, ukingo wa mstari ukibaki mkali na karatasi isitoe manyoya hiyo beba.