Mwalimu mpya, jalada lako unalijua?

Kila matokeo ya ualimu yakitoka, simu yangu haitulii. Wanaopiga ni vijana niliowafundisha hapa Tanga, wametoka Chuo cha Ualimu Korogwe au vyuo vya mbali zaidi, na baada ya shikamoo swali huwa lilelile: "Mwalimu, cheti ninacho, sasa si nimeshakuwa mwalimu?" Nami huwaambia cheti kimetoka NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ajira itatoka kwa mwajiri, na usajili ni jambo jingine kabisa. Ofisi hizo hazikai meza moja. Ukiwa na kasoro kwenye moja, nyingine haitakupigia simu kukutahadharisha. Utaijua siku unayotaka kuthibitishwa kazini, kupanda daraja au kustaafu.

Sheria nitaipitia haraka. Sheria ya Elimu, Namba 25 ya mwaka 1978, inakataza mtu kufundisha shuleni, iwe ya serikali au ya binafsi, kama hajasajiliwa kuwa mwalimu au hana leseni ya kufundisha. Mwenye daftari hilo ni Kamishna wa Elimu. Leseni ni ya yule anayelijua somo lakini hakusomea ualimu, na hutolewa kwa muda. Ikiisha unaomba upya.

Naisisitiza leseni kwa sababu shule za binafsi mjini hapa haziishiwi vijana wa namna hiyo. Kijana kamaliza kidato cha sita na Fizikia yake nzuri, meneja wa shule anamwambia, "Shika vipindi, mambo ya leseni tutayaona." Mdogo wangu, yaone wewe kwanza. Mthibiti ubora, yule tuliyekuwa tukimwita mkaguzi, akiingia shuleni anaweza kuomba faili la mwalimu kabla hajafungua andalio la somo, na jina litakaloandikwa kwenye taarifa ni lako. Shule itatafuta mwingine Jumatatu. Kabla hujashika chaki ulizia utaratibu ofisi ya elimu, na uombe nakala ya barua ya maombi ambayo shule inasema imeshaipeleka. Wakiizungukazunguka hiyo nakala, umeshapata jibu.

Ukiajiriwa serikalini unaingia mikononi mwa Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 (nayo ni Namba 25, sijui ni bahati tu) na kuanza kazi Julai 2016. Ilirithi Idara ya Utumishi wa Walimu, ndiyo maana wazee wetu wa stafu bado wanasema "namba ya TSD", kwa kifupi cha Kiingereza cha idara hiyo. Mshahara na kituo cha kazi unavizungumza na halmashauri. Kuthibitishwa baada ya miezi 12 ya matazamio, cheo na nidhamu, hayo ni ya TSC wilayani.

Hapo kuna mtego wa mtandaoni. Jirani zetu wa Kenya nao wana TSC, kongwe kuliko yetu, na kwao kila mwalimu lazima asajiliwe nayo, awe wa serikali au wa binafsi. Ukiandika "usajili wa TSC" kwenye simu, mpaka wa Horohoro unauvuka bila pasipoti: unajikuta unasoma masharti ya Nairobi na ada za shilingi za Kenya. Tazama anwani inaishia na nini. Ikiwa ni go.ke, rudi nyumbani.

Sasa majina, na hapa nitakaa. Binti wa Pangani amezaliwa Mwanahamisi. Shule ya msingi wanamwandika Mwanahamis. Kidato cha nne anajaza majina mawili, chuoni matatu, kwenye kitambulisho cha taifa cha NIDA anaongezwa babu, na akiolewa Muheza anachukua jina la mume kwenye akaunti ya benki. Mtaani kwao kila mtu anamjua. Mfumo unaona watu sita, na hakuna hata mmoja wao anayelipwa mshahara mpaka waafikiane.

Ushauri wangu ni huu: siku moja tandika vyeti vyote juu ya mkeka, cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cha chuo, na kitambulisho cha NIDA. Mpe mtu mwingine akusomee herufi kwa herufi, maana macho yako mwenyewe yameshalizoea jina lako na yatayaruka makosa. Mimi hupenda cheti cha kidato cha nne kiwe ndiyo msingi, vingine vikifuate, kwa sababu NECTA hawatakuandikia cheti kipya kwa kuwa umeolewa. Kama tofauti ni herufi tu, kiapo cha wakili au cha mahakama mara nyingi kinatosha. Kama jina limebadilika kweli, andaa hati ya kubadili jina na uisajili kwa Msajili wa Hati. Nakala ipeleke kwa mwajiri na TSC, igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na yako yenye muhuri uleule.

Tarehe ya kuzaliwa nayo usiichezee. Ile uliyoijaza mwanzoni mwa ajira ndiyo itakayokustaafisha ukifika miaka 60, hata kama baadaye utaleta cheti cha kuzaliwa cha RITA kinachosema vingine. Wapo waliojipunguzia umri kwenye karatasi moja na kuusahau kwenye nyingine. Hao siwezi kuwasaidia.

Anayeona haya ni mambo ya makarani akumbuke Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alipokabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Walioghushi ni habari nyingine. Mimi nilikuwa nawatazama wenye vyeti halali kwenye stafu yetu. Waliokuwa na karatasi zilizoafikiana waliendelea kusahihisha madaftari. Waliokuwa na herufi iliyopotea walikuwa njiani kila wiki, vyeti kwenye mfuko wa nailoni, roho juu.

Tatizo la jalada, yaani faili la kazi lenye barua zako, nalijua kwa mwili wangu. Nilipohamia Jiji la Tanga kutoka wilaya moja ya mkoa huuhuu, mimi nilifika, jalada likabaki. Nilipofuatilia daraja nikaambiwa hakuna barua ya kunithibitisha kazini, kwa hiyo kwenye makaratasi nilikuwa bado mwalimu wa matazamio, na mvi nimeshaanza kuota. Kule nilikotoka hakuna aliyekuwa tayari kusema jalada liko wapi. Kila mtu alikuwa "siyo dawati langu". Kilichoniokoa ni nakala yangu. Yule dada wa masjala hakunisikiliza hadithi, aliniuliza tu kumbukumbu namba ya barua. Nikamsomea kutoka juu kulia, akafungua rejista, akapitisha kidole safu kwa safu, akasema, "Ipo, ilitoka." Kwa hiyo unapotunza nakala, hakikisha kumbukumbu namba na tarehe vinasomeka. Nakala iliyokatwa juu na mashine ya stesheneri ni sawa na huna.

Barua ya ajira, ya kuripoti kituoni, ya kuthibitishwa, kila ya kupanda daraja, ya uhamisho, na barua yoyote ya nidhamu iliyofutwa, hasa ile inayosema imefutwa. Hizo ziwe nyumbani, na picha zake ziwe kwenye barua pepe, maana pwani hii unyevu na mchwa hawana utani na karatasi.

Kuhusu masomo: ukitaka kujiendeleza, hata kama ni Chuo Kikuu Huria na unasoma jioni, omba ruhusa kwa maandishi kabla hujalipa ada. Nimeona walimu wamerudi na shahada, wakiomba kutolewa muundo wa cheti au stashahada, yaani ngazi za mshahara za TGTS B au C, waingizwe kwenye D ya shahada, kitu cha kwanza kuulizwa ni barua ya ruhusa. Uliyesoma nje ya nchi, shahada yako ipitie TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza ili itambuliwe.

Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria nyingine, Namba 6, ya Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, inayowagusa walimu wa serikali na wa binafsi pamoja. Wengi stafu walinuna: tuna Kamishna, tuna TSC, tuna chama kinachokata asilimia 2 ya mshahara, na sasa bodi? Mimi manung'uniko ya ada nayaelewa. Wazo lenyewe silipingi. Mke wangu ni muuguzi. Leseni yake anaihuisha, na ili aihuishe anakusanya pointi za mafunzo endelevu. Sijaona kwa nini anayemchoma mtoto sindano aulizwe amejifunza nini tangu atoke chuo, na anayemfundisha kusoma asiulizwe. Kwa hiyo vikao vya MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, shuleni kwako usivihudhurie kwa ajili ya soda tu. Weka daftari: tarehe, mada, nani aliwezesha, mwalimu mkuu asaini. Siku ukitakiwa kuonyesha, utakuwa nalo.

Mwisho, vishoka. Wapo wanaokaa karibu na ofisi, wanajua majina ya maafisa wote, wanakuambia namba yako ya usajili inaweza "kusukumwa". Malipo halali ya serikali yana namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, na stakabadhi inakuja na jina lako. Mtu akikutajia namba yake mwenyewe ya simu ya kutumia hela, funga bahasha yako uingie ndani, ukapange foleni.