Mashine ya mkate kwenye baridi yetu: wasomaji wanauliza

Swali: Shikamoo dada. Shemeji yako kaniletea mashine ya mkate kutoka Dar, mpya kabisa kwenye boksi. Nimefuata kitabu chake kila kitu, unga gramu 500, hamira vijiko viwili vya chai, mkate ukapanda mpaka ukagusa kioo cha mfuniko nikafurahi, kuja kuutoa katikati umebonyea kama bakuli. Nikarudia, ukatoka vile vile. Mdogo wangu yuko Dar ana mashine hiyo hiyo na kitabu hicho hicho, wake unatoka mzuri. Shida ni mashine au mimi?
*Msomaji, Uyole, Mbeya*

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Sio mashine na wala sio wewe, ni mwinuko. Mdogo wako yuko pale usawa wa bahari, wewe uko mita kama 1,700 juu, na huku hewa ni nyepesi, haikandamizi donge kama inavyolikandamiza kule chini. Kwahiyo ile gesi ya hamira inatanuka zaidi na mkate unapanda haraka kuliko kitabu kilivyopanga. Ukishapanda kupita kiasi zile kuta za ndani zinakuwa nyembamba mno, sasa moto wa kuoka unapowaka hakuna cha kuushikilia, unashuka katikati. Ni huu huu mwinuko unaofanya maji ya Mbeya yachemke kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100, ndo maana maharage yetu yanachukua muda jikoni.

Cha kufanya, punguza hamira kwa robo kwanza. Na vijiko viwili vya chai kwa unga gramu 500 mi naona ni vingi hata kwa huko Dar kama hamira yako ni ile ya chenga ya kuumua haraka, kwa hapo Uyole anza na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Chumvi usiiache, weka kijiko kimoja na nusu cha chai, maana chumvi ndo inaizuia hamira isikimbie, watu wengi wanaitoa wakidhani ni ladha tu. Maji mililita 310 hivi, mafuta vijiko viwili vya chakula, sukari kijiko kimoja cha chakula, inatosha. Na tafadhali nunua mizani ndogo ya jikoni, kikombe cha unga ukichota kwa kushindilia na ukichota kwa kumimina vinapishana gramu nyingi sana, hapo ndo mkate wa leo unakuwa tofauti na wa juzi na hujui kwanini.

Mpangilio kwa mashine nyingi ni hivi, maji na mafuta yanatangulia, kisha chumvi na sukari, unga juu yake uyafunike maji yote, halafu chimba kashimo juu ya unga uweke hamira humo isiguse maji mapema. Lakini soma kitabu cha mashine yako, zipo zinazoanza na hamira chini kabisa.

Sasa nakuomba hili ulishike kuliko yote. Mashine inafuata saa, haina macho. Ikifika dakika ya kuoka itaoka, iwe donge limepanda au limelala. Kwahiyo macho ni yako. Ikianza kukanda acha dakika kama 8, fungua mfuniko uangalie, hapo hairuhusiwi tu kufungua, inatakiwa kabisa. Donge zuri ni la duara, laini, linaachia kuta za chombo, ukiligusa linanata kidogo lakini halibaki kidoleni. Likiwa limetapakaa chini kama uji ongeza unga kijiko kimoja cha chakula, subiri dakika moja, angalia tena. Likiwa gumu, mashine inagugumia na donge lina nyufa, ongeza maji kijiko kimoja kimoja. Usimwage tu. Huku juu hewa ikiwa kavu, hasa kuanzia Agosti kwenda Oktoba, unga nao unakauka, kwahiyo maji yaliyotosha mwezi wa 3 hayatatosha mwezi wa 9, hata kama unga ni ule ule wa duka lile lile. Likishaanza kuumuka funga, usichungulie tena mpaka iite.

Swali: Kamwene dada. Mimi wangu kinyume, hauumuki kabisa, unatoka mfupi mzito kama tofali. Nipo Njombe mjini, na mwezi huu wa 6 baridi imezidi. Hamira ni mpya sio ya zamani. Niongeze hamira?
*Msomaji, Njombe*

Jibu: Kamwene ndugu yangu. Usiongeze. Njombe mko juu zaidi ya Mbeya, hamira ikizidi leo mkate utapanda na kuporomoka siku jua likitoka. Shida yako ni maji na unga vimelala na baridi. Maji ya bomba ya Njombe asubuhi ya mwezi wa 6 hamira haiamki nayo, na mashine nyingi zinapasha kidogo sana wakati wa kukanda, mpaka donge lipate joto saa imeshafika ya kuoka. Chukua maji ya uvuguvugu, uyaweke kwenye kiganja usisikie moto wala baridi. Usizidishe, yakifika nyuzi 60 umeiua hamira. Unga utoe stoo jioni ulale jikoni, siagi na mayai pia. Na mashine yenyewe usiiweke karibu na dirisha wala juu ya sakafu ya sementi, iweke mezani, chumba mnachopikia.

Kama mashine yako ina programu ya donge peke yake, hiyo ndo dawa ya miezi ya baridi. Inakukandia, inazima, halafu wewe unaliacha donge humo humo liumuke mpaka liwe mara mbili, hata likichukua saa mbili, kisha unabonyeza programu ya kuoka peke yake.

Swali: Habari dada, nimepata mashine ya mtumba ya Japan kwa bei nzuri Tunduma, maandishi yote Kijapani. Naweza kuichomeka tu? Na umeme ukikatika katikati inakuwaje?
*Msomaji, Vwawa*

Jibu: USIICHOMEKE. Igeuze uangalie chini au nyuma, kuna kibandiko, kama kimeandikwa 100V hiyo ni ya umeme wa Japan, na sisi wetu ni volti 230, itaungua hapo hapo. Tafuta transfoma ya kushushia umeme, na iwe na wati nyingi kuliko zilizoandikwa kwenye mashine, kama mashine ni wati 400 chukua transfoma ya 1,000 usiibanie. Kabla ya kulipa piga hesabu ya transfoma pia, maana hiyo bei nzuri inaweza isiwe nzuri tena.

Kingine, hizi za Japan nyingi ni ndogo, mkate mmoja ni unga gramu 250 mpaka 280. Ukiweka gramu 500 za kitabu cha mwenzio donge litafurika liingie kwenye koili. Maandishi, tumia kamera ya simu yatafsiri. Hakikisha pia kibawa cha kukandia kipo, kile kidogo cha chini, bila hicho umenunua ndoo. Kampuni ya Matsushita, ambayo siku hizi ni Panasonic, ilipotaka kutengeneza mashine hii miaka ya 1980 ilishindwa kwanza kwenye ukandaji, mpaka mhandisi wao Ikuko Tanaka akaenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja Osaka jinsi anavyolivuta na kulisokota donge, ndo mwaka 1987 ikaingia sokoni.

Umeme ukikatika dakika chache mashine nyingine zinakumbuka zilipoishia, nyingine zinaanza upya. Umeme ukichelewa kurudi usitupe donge. Liache liumuke, lihamishie kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, kama tunavyooka keki. Utaula mkate wako.

Swali: Dada naweza kuchanganya viazi? Huku vimejaa.
*Msomaji, Makete*

Jibu: Changanya mdogo wangu, viazi mviringo vinafanya mkate uwe laini na ukae siku mbili tatu bila kukauka. Chemsha, ponda viwe laini kabisa, acha vipoe, weka gramu 100 kwa unga gramu 400. Maji anza na mililita 230 tu kwasababu kiazi kinaachia maji yake, halafu uangalie donge zile dakika za mwanzo, hapa ndo hasa utalihitaji jicho. Usitumie taima ya usiku kwa mkate wenye maziwa au mayai, vitalala nje viharibike. Ukiiva utoe kwenye chombo palepale, ukibaki humo unalowa chini, na kibawa kikibaki ndani ya mkate kitoe kwa mpini wa mwiko wa mbao, sio kisu, utachubua ile rangi isiyogandisha.