Maswali na Majibu: Magari ya Wapelelezi wa Televisheni

Swali: Gari bovu la Luteni Columbo lilikuwa Peugeot ya aina gani, na nani alilichagua?

Jibu: Lilikuwa Peugeot 403 yenye paa la turubai la kukunja, na aliyelichagua ni Peter Falk mwenyewe, mwigizaji wa Columbo, alipotembezwa kwenye maegesho ya magari ya studio ya Universal. Alisimulia baadaye kwamba alilikuta pembeni, rangi imepauka na tairi halina upepo, akasema hilo ndilo analolitaka. Chaguo hilo, kwa maoni yangu, halijapata mpinzani. Wauaji anaowafuatilia Columbo huwa ni matajiri wa Los Angeles. Wakiliona gari lile likikohoa kuingia katika nyua zao, humdharau mwenye gari, na wakishamdharau huanza kuropoka. Jambo ambalo matajiri hao hawalijui ni kwamba 403 za paa la kukunja, zenye umbo lililosanifiwa na Pininfarina wa Italia, zilitengenezwa takriban 2,000 tu, ilhali 403 zote kwa jumla zilizidi milioni moja. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu zaidi 404 iliyoifuata, ambayo ilishinda mashindano ya Safari Rally miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968.

Swali: Starsky na Hutch walikuwa askari kanzu. Iweje wapewe gari jekundu lenye mstari mweupe?

Jibu: Umeuliza jambo la haki kabisa, kwa sababu hakuna mhalifu ambaye asingeliona Ford Gran Torino lile likitokea mtaa wa tatu. Paul Michael Glaser, aliyeigiza Starsky, hakulipenda tangu mwanzo, na katika tamthilia yenyewe Hutch hulikejeli kwa kuliita nyanya yenye mistari. Hata hivyo watazamaji walilipenda mno, kiasi kwamba mwaka 1976 Ford ilitengeneza mengine yapatayo 1,000 yenye rangi zile zile na kuyauza.

Swali: Je, Ferrari aliyoiendesha Magnum kule Hawaii ilikuwa mali yake?

Jibu: Hapana. Ferrari 308 GTS ile ni ya Robin Masters, mwandishi tajiri ambaye Magnum anaishi katika makazi yake kwa kazi ya ulinzi. Tom Selleck, aliyeigiza Magnum, kwa urefu wake wa zaidi ya mita 1.9, hakuenea vizuri ndani yake, hivyo mafundi walipunguza sponji ya kiti, na mara nyingi gari lilipigwa picha likiwa limevuliwa paa.

Swali: Nimesikia kwamba vitabuni Inspekta Morse hakuwa na Jaguar. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli. Katika riwaya za mwanzo za Colin Dexter, Morse aliendesha Lancia. Tamthilia ilipoanza mwaka 1987, John Thaw, aliyeigiza Morse, alikabidhiwa Jaguar Mark 2 ya rangi ya damu ya mzee, yenye paa jeusi na namba 248 RPA, nayo ikakaa moyoni mwa watazamaji hata Dexter akabadilisha gari hilo katika matoleo ya baadaye ya vitabu vyake. Injini yake ilikuwa ya lita 2.4, dhaifu kuliko zote katika Mark 2, kwa kuwa zilikuwapo pia za lita 3.4 na 3.8. Nadhani inamfaa mtu ambaye hutatua kesi zake kwa kukaa, kusikiliza opera na kufikiri, badala ya kuwafukuza watu barabarani.