Jibu: Tandiko linambana farasi wangu mnene

Ndugu, umeuliza kama kuongeza blanketi chini ya tandiko kutamsaidia huyo farasi wako mpana hapo Jinja. Hapana. Ni kama kuvaa soksi mbili ndani ya gambuti inayobana.

Tafuta waya mnene unaopindika, ulaze kukatisha mgongo wa farasi, upande hadi upande, vidole vitatu nyuma ya mfupa wa bega, ukandamize ufuate umbo lake, kisha chora umbo hilo kwenye boksi. Nenda na mchoro huo kwa muuzaji, maana saizi "pana" ya tandiko la kiwanda hiki si sawa na ya kile. Mimi nilinunua tandiko la mtumba kwa macho tu (uvivu wangu!). Baada ya safari ya kwanza mgongo wote ulilowa jasho, isipokuwa viraka viwili vikavu nyuma ya mabega. Hapo ndipo fremu, yaani kiunzi kigumu cha ndani ya tandiko, ilipokuwa ikimfinya. Na kwa nyuma, tandiko lisipite mfupa wa ubavu wa mwisho wa farasi.