Vocha itolewe papo hapo

Kwenu mnaoanza kazi ya unasihi kwa waraibu wa kokeini na methamfetamini, hasa wanaotufikia wakiwa wametoka kwenye ajali mbaya, karibuni. Uraibu huu hauna dawa iliyoidhinishwa kama heroini ilivyo na methadoni, kwa hiyo tiba ya zawadi ishikeni kwa mikono miwili.

Mteja hupimwa mkojo mara mbili au tatu kwa wiki, kwa kuwa mabaki ya kokeini kwa kawaida huonekana siku 2 hadi 4 tu. Akiwa safi anapata vocha, yaani hati yenye thamani ya pesa ya kuchukulia bidhaa. Katika mpango wa Stephen Higgins wa Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani, miaka ya 1990, vocha ya kwanza ilikuwa dola 2.50, ikipanda kwa kila kipimo safi kilichofuata. Mtu akiteleza, anaanza upya.

Mteja wangu mmoja aliumia kichwa na kuvunjika mguu. Siku moja alipanda ngazi kwa magongo, shati limelowa jasho. Kipimo kikaonyesha kokeini. Nikamhurumia, nikampa vocha. Aliipokea bila kunitazama. Wiki iliyofuata akaniuliza kwa upole, "Kumbe nikifika tu inatosha?" Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo, na bado inaniuma. Huruma ielekezeni kwenye usafiri wake, maumivu yake, na kumpatia chumba cha chini asichopandia ngazi. Vocha ifuate kipimo.

Aliyeumia kichwa husahau upesi, na zawadi ya mwisho wa wiki haimgusi. Mpe kabla hajainuka kitini, umwambie ni ya nini, kisha mwandikie kwenye daftari lake.

Jambo jingine ambalo wageni hulipita: dawa za hospitali. Labetalol ya shinikizo la damu, bupropion ya sonona, hata pseudoephedrine ya mafua, zinaweza kukifanya kipimo cha haraka kionyeshe amfetamini isiyokuwepo. Orodhesha dawa zake zote siku ya kwanza, na ukiwa na shaka peleka sampuli maabara kabla ya kumnyima mtu haki yake. Dawa za maumivu alizoandikiwa na daktari hazihusiki na vocha hii.

Na kipimo kikiwa kibaya kweli, usimhubirie. Mtajie siku na saa ya kipimo kijacho, umshikie mlango apite na magongo yake.