Karai la dawa langoni, maradhi ndani ya mfuko wa vifaranga

SWALI: Salaam aleikum, daktari. Nafuga perege hapa Mwakirunge, mabwawa matatu. Langoni nimeweka karai la maji ya klorini la kukanyaga, na mgeni haingii bila gambuti. Hata hivyo, siku ya nane baada ya kutia vifaranga wapya bwawa la pili, samaki wakaanza kufa. Je, niongeze ukali wa dawa?

JIBU: Waaleikum salaam. Usiongeze. Kwanza tazama wanakufa saa ngapi. Wakifa alfajiri, wakubwa mbele, baada ya kuonekana wakitweta juu ya maji, hiyo ni hewa kupungua, wala si maradhi. Wakifa kidogo kidogo mchana na usiku, wana vidonda au macho yamevimba, basi nashuku ule mfuko wa maji uliokuletea vifaranga.

Karai huzuia tope la viatu tu. Maradhi ya samaki huja zaidi na samaki mwenyewe na maji aliyosafiri nayo. Virusi vya perege viitwavyo TiLV, vilivyoelezwa mara ya kwanza Israel mwaka 2014, havina dawa, vimeshapatikana Ziwa Victoria, na kifaranga anaweza kuwa navyo ukamwona mzima kabisa. Kwa hivyo vifaranga wageni wakae tangi lao peke yao wiki tatu, na ndoo yao na kimia chao. Siku wanayofika, uache mfuko uelee juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 joto lilingane, uwavue kwa kimia, kisha maji ya mfuko yamwage shimoni mbali na mabwawa. Hapa ndipo wengi huharibu: jua kali, dereva ana haraka, mfuko unapinduliwa wote.

Halafu juya, ule wavu wa kukokota. Hukulitaja, nami naingia shaka, maana huku kwetu juya huazimwa kama sufuria za harusi. Lioshe tope kwanza, kwa kuwa klorini huishia kwenye tope kabla haijafikia vijidudu. Kisha koroga gramu 31 za poda ya klorini ya asilimia 65 kwa lita 100 za maji, liloweke saa moja, lisuuze sana, ulianike juani likauke kau. Hata karai lako, likishinda juani na tope ndani, jioni ni maji matupu. Badilisha kila siku.

Kwa sasa bwawa la pili lihudumie mwisho, na maji yake yasiteremkie la tatu. Waliokufa wazike kwa chokaa, usiwatupe kijitoni.

Ofisa wa uvuvi wa kaunti mpelekee samaki watano walio hoi lakini wangali hai, katika maji ya bwawa lao. Aliyekwisha kuoza hapimiki.